Neno Moja, Majira Matatu: Kiswahili cha Injini Kutoka Gereji za Njiru

Kwa muda mrefu sisi wapenzi wa Kiswahili tumekuwa tukiulizwa swali lile lile: je, lugha hii ina uwezo wa kueleza sayansi na teknolojia? Aghalabu jibu letu huwa ni orodha. Tunafungua kamusi ya istilahi, tunataja maneno mawili matatu yaliyoundwa kwa ustadi, kisha tunaketi tukiwa na hakika kwamba mpinzani ameshindwa. Makala haya yanashikilia kwamba orodha si jibu. Pengo tulilonalo katika Kiswahili cha ufundi si la majina bali ni la maelezo, na pengo hilo linawagharimu watu pesa, kazi na mitambo kila siku. Nitalithibitisha dai hili kwa mfano mmoja tu, ambao huenda ukaonekana wa ajabu katika jarida la Kiswahili: namna mafundi wa Njiru, Nairobi, wanavyozungumzia urekebishaji wa sensa ya kamshafti na majira ya kunyunyiza mafuta katika injini zilizobadilishwa.

Msomaji anaweza kuuliza mwanafunzi wa fasihi anatafuta nini chini ya boneti ya gari. Jibu langu ni kwamba anatafuta lugha mahali inapofanya kazi. Isitoshe, mwanafunzi na fundi si wageni kwa kila mmoja. Yatazame maneno yenyewe: funda, fundisha, funza, mwanafunzi, fundi. Lugha imewaweka jirani, na ni vyuo vyetu vilivyowatenganisha.

Njiru iko mashariki mwa Nairobi, kwenye Barabara ya Kangundo, ukishapita Kayole na Komarock na kabla ya kufika Ruai. Katika sensa ya mwaka 2019, kaunti ndogo ya Njiru ilihesabiwa kuwa na zaidi ya watu 600,000. Kando ya barabara hiyo na katika vichochoro vinavyoingia mitaani kuna gereji za jua kali za kila namna: wanaonyoosha bodi, wanaochomelea, wanaounga nyaya, na wale wa injini. Kazi haikosekani. Kanuni za Kenya zinaruhusu kuingizwa nchini kwa magari yaliyotumika ambayo hayajazidi umri wa miaka 8, na mengi hutoka Japani. Gari likishachoka, injini ya mtumba hununuliwa, pengine katika maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga ambayo wazee wangali wanaiita Grogan, na kupandikizwa mahali pa ile ya zamani. Kuna anayebadilisha injini kwa sababu ya kwanza imekufa. Kuna anayeibadilisha kwa sababu anataka mbio zaidi, hivyo akaongeza na kamshafti yenye nundu kubwa au turbo ambayo gari halikuzaliwa nayo. Katika hali zote hizi, sensa za injini moja huweza kukutanishwa na kompyuta ya injini nyingine, na hapo ndipo maneno huanza kuwa na uzito.

Jambo la kwanza linaloonekana katika gereji hizi ni kwamba lugha ya kazi ni Kiswahili. Fundi anaweza kuwa Mkamba, mwanagenzi wake Mluhya na mwenye gari Mkikuyu. Kinachowaunganisha juu ya injini si Kiingereza. Chunguza vitenzi vyao: kukaza, kulegeza, kufunga, kusaga, kuvuta, kugonga, kuvuja, kukohoa, kuzima. Karibu vyote ni Kiswahili safi, tena vimetumiwa kwa usahihi unaostahili kuandikwa. Injini inayokohoa si sawa na inayogonga, na inayogonga si sawa na inayotetemeka. Fundi hachanganyi vitenzi hivi kwa kuwa kila kimoja kinamwelekeza kwenye ugonjwa tofauti. Nomino ndizo zimekopwa: injini, pistoni, silinda, vali, plagi, injekta, kamshafti, krankishafti, sensa.

Wako wenzetu wanaokunja uso wasikiapo nomino hizi, na kuziita Sheng au uvivu. Sikubaliani nao. Kiswahili hakijawahi kuogopa kukopa kwa mtu mwenye kitu mkononi. Parafujo na bomba tulizipata kwa Wareno. Usukani, neno lenye asili ya Kiarabu, uliongoza majahazi kwa karne nyingi kabla ya kuhamia kwenye motokaa, na leo hakuna dereva anayedhani kwamba anatumia msamiati wa baharini. Hata neno sensa, ambalo kamusi zetu hulitambua kwa maana ya hesabu ya watu, halimtatizi fundi yeyote. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba karani wa serikali amejificha ndani ya injini. Muktadha unatosha. Anayependa kihisio na aseme kihisio; ugomvi wangu hauko hapo.

Ugomvi wangu uko katika neno moja dogo: taimingi. Fundi husema: taimingi imeruka, weka taimingi, rudisha taimingi kidogo, hii ni shida ya taimingi. Ukisikiliza kwa makini utagundua kwamba neno hili limebebeshwa mizigo mitatu iliyo tofauti kabisa, na kwamba mwanagenzi hana njia ya kujua ni mzigo upi unaozungumziwa. Ili kuiona mizigo hiyo hatuna budi kueleza kwanza jinsi injini inavyofanya kazi. Ninafanya hivyo kwa makusudi, kwani nadai kwamba Kiswahili kinaweza, na dai kama hilo halithibitishwi kwa kusemwa.

Injini ya petroli katika magari mengi hufanya kazi kwa mapigo manne: kuvuta hewa ndani ya silinda, kuibana, kuchoma mchanganyiko wa hewa na mafuta, na kutoa moshi. Pistoni hupanda na kushuka. Krankishafti hugeuza mwendo huo kuwa wa kuzunguka. Ili mapigo yote manne yakamilike, krankishafti huzunguka mara 2, yaani digrii 720. Juu ya injini kuna kamshafti, mhimili wenye nundu ambazo husukuma vali zifunguke. Huo huzunguka mara 1 tu katika muda huo huo, kwa kuwa kila vali huhitaji kufunguka mara moja katika mapigo manne. Mihimili hii miwili huunganishwa kwa cheni au mkanda, na mwendo wa mmoja ni nusu ya mwendo wa mwingine.

Sasa mfikirie mlinzi wa zamu ndani ya injini hii, ambaye ni kompyuta. Kazi yake ni kuamua lini plagi itoe cheche na lini injekta inyunyize mafuta. Akisikiliza sensa ya krankishafti peke yake, atajua kwamba pistoni ya silinda ya kwanza imefika juu kabisa. Hatajua, hata hivyo, kama imefika juu kwa kubana hewa au kwa kutoa moshi, kwa sababu katika mapigo manne pistoni hufika juu mara mbili. Ni sawa na mtu aliyeambiwa kwamba saa ni mbili bila kuambiwa kama ni mbili ya asubuhi au ya usiku. Sensa ya kamshafti ndiyo inayomwambia: hii ni asubuhi. Hiyo ndiyo kazi yake ya msingi, na nimeieleza bila kukopa neno hata moja zaidi ya yale ambayo fundi wa Njiru anayatumia tayari.

Turudi basi kwenye mizigo mitatu. Wa kwanza ni majira ya vali: wakati ambao vali hufunguka na kufungwa ukilinganishwa na mahali ilipo pistoni. Haya hupangwa kwa alama zilizochongwa kwenye magurudumu ya cheni au mkanda. Mkanda ukiruka meno, injini hupoteza nguvu, na katika injini ambazo vali na pistoni hugawana nafasi ileile kwa zamu, vyuma hivyo viwili hugongana na vali kupinda. Wa pili ni majira ya cheche: wakati ambao plagi huwasha mchanganyiko, kwa kawaida digrii kadhaa kabla ya pistoni kufika juu. Cheche ikiwahi mno, injini hugonga, na mgongo huo ukiendelea hutoboa au kuvunja pistoni. Ikichelewa, injini huwa nzito na moshi hutoka ukiwa na joto kupita kiasi. Wa tatu ni majira ya mafuta: wakati ambao injekta hufunguka. Mafuta yakija wakati usiofaa, gari hutetemeka likiwa limesimama, hula mafuta na kutoa moshi wenye harufu ya petroli.

Vitu hivi vitatu vina visababishi vitatu, tiba tatu na hasara tatu. Neno lake ni moja.

Athari yake ni nini? Katika injini za zamani zenye distribyuta, fundi aliyetaka kuwahisha cheche alilegeza bolti, akaizungusha distribyuta kidogo, akasikiliza mlio, kisha akakaza. Huko ndiko kuweka taimingi kulikojulikana na wengi, na mzee aliyemfunza fundi wa leo alikuwa sahihi kabisa. Zikaja injini ambazo sensa yenyewe imefungwa mwishoni mwa kamshafti na inaweza kuzungushwa, kama baadhi ya injini za Nissan za miaka ya 1990. Katika hizo, kompyuta hutegemea sensa hiyo kwa cheche na kwa mafuta pia, hivyo kuisogeza husogeza majira mawili kwa pamoja. Kuizungusha kunaruhusiwa, ila kwa taa maalumu ya kupimia alama, wala si kwa sikio tu. Kisha zikaja injini nyingi za leo, ambazo sensa ya kamshafti hushikwa kwa bolti moja na haikuundwa isogezwe hata kidogo. Cheche zake hufuata hasa sensa ya krankishafti. Ya kamshafti hutambulisha pigo, na katika injini zenye mtambo wa kubadilisha majira ya vali, huisaidia kompyuta kuupima.

Neno taimingi likapita katika zama zote hizo tatu bila kubadilika. Matokeo yake ni kwamba fundi kijana aliyerithi agizo la kuzungusha taimingi hulegeza bolti ya sensa isiyozungushwa, au huchonga tundu lake lipanuke ili aisogeze. Hesabu yake si ngumu. Kwa kuwa kamshafti huenda kwa nusu ya mwendo, kila digrii 1 juu ni digrii 2 chini. Sensa ikisogezwa digrii 5, kompyuta inayoitegemea imekosea kwa digrii 10 za krankishafti. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mzunguko mmoja wa krankishafti huchukua milisekunde 20, na digrii 10 ni zaidi kidogo ya nusu milisekunde. Sikio la binadamu haliwezi kuupima muda huo. Kompyuta inaupima, nayo hulalamika.

Malalamiko hayo husomwa kwa mashine, na mashine huandika kwa Kiingereza. Ikiandika P0016, maana yake ni kwamba habari za krankishafti na za kamshafti hazipatani. Haisemi kwamba sensa imekufa. Cheni inaweza kuwa imelegea kwa uchakavu, mkanda unaweza kuwa umeruka jino, au injini iliyopandikizwa inaweza kuwa na gurudumu la meno ambalo kompyuta hailijui. Hata hivyo, mwanagenzi anayeona jina la sensa katika sentensi asiyoielewa vizuri huhitimisha kwamba sensa ndiyo mbovu. Inanunuliwa nyingine. Tatizo linabaki, na mwenye gari, ambaye huenda anaishi kwa teksi hiyo hiyo, amelipa mara mbili. Hapa hatuwezi kumlaumu kijana kwa ujinga. Alinyimwa sentensi moja ya Kiswahili ambayo ingemwambia: hawa wawili hawapatani, tafuta ni nani anayedanganya.

Hali huwa ngumu zaidi katika injini zilizobadilishwa. Kamshafti yenye nundu kubwa huacha vali za kuingiza na za kutoa zikiwa wazi pamoja kwa muda mrefu zaidi. Mafuta yakinyunyizwa katika dakika hiyo ya milango miwili wazi, sehemu yake hupita moja kwa moja hadi kwenye ekzosi bila kuungua. Anayejua hili atauliza swali lililonyooka: tukibadilisha majira ya vali, majira ya mafuta yatabaki yalivyokuwa? Lakini swali hilo haliwezi kuulizwa kwa neno taimingi. Jaribu mwenyewe: tukibadilisha taimingi, taimingi itabaki ilivyokuwa? Sentensi hiyo haina maana. Lugha imemfungia mwanagenzi mlango wa kufikiri, na haikufanya hivyo kwa umaskini wake bali kwa uzembe wetu.

Nimetumia neno majira, na sikulibuni. Ni neno la siku zote, lenye maana ya wakati maalumu wa jambo. Mabaharia walilitumia pia kwa njia ya chombo baharini. Majira ya vali, majira ya cheche, majira ya mafuta: fundi anaweza kuyaelewa bila warsha wala kamusi. Akitaka kubaki na taimingi yake, vivyo hivyo: taimingi ya vali, taimingi ya cheche, taimingi ya mafuta. Lililo muhimu si kulifukuza neno la kigeni bali kutenganisha mambo matatu yaliyoshikamana.

Hapa ndipo ninapowageukia wenzangu. Tumetumia saa nyingi katika makongamano yetu tukibishana kama ile mashine iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Tuna majina matatu ya kitu kimoja, na huko Njiru kuna jina moja la vitu vitatu. Ubishi wa kwanza haujawahi kumharibia mtu mashine yake, ilhali ukungu wa pili unavunja pistoni. Lakini ni wa kwanza tulioufanya kuwa taaluma.

Sidharau kazi ya waliotutangulia. Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, TUKI iliyoanza mwaka 1964 na ambayo sasa ni TATAKI, na BAKITA ya mwaka 1967 zimetujengea msingi ambao bila huo makala haya yasingeandikwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Tangu mwaka 2021 UNESCO imeitenga Julai 7 kuwa siku ya Kiswahili duniani. Heshima tunayo. Ninachouliza ni kama heshima hiyo imefika mahali ambapo kijana wa miaka 19 ameinama juu ya injini, akiwa na spana mkononi na swali asiloweza kulitamka.

Najua pingamizi litakalotolewa. Litasemwa kwamba haya ni mambo ya wahandisi, nao wanayajua kwa Kiingereza. Ni kweli wanayajua. Lakini mhandisi si mwenye gereji ya Njiru, na elimu isiyoshuka kutoka kwa mwenye shahada hadi kwa mwenye spana hailiokoi gari la mtu. Litasemwa pia kwamba mafundi hawasomi. Hawasomi nini? Mtu hawezi kulaumiwa kwa kutosoma kitabu ambacho hakijaandikwa. Pingamizi la tatu, lenye uzito zaidi, ni kwamba sisi wanafunzi wa lugha tunaweza kueleza injini vibaya na kuleta madhara. Naliafiki, na kwa sababu hiyo pendekezo langu linaanza na fundi mwenyewe.

Kila tawi la chama chetu lichague gereji moja iliyo karibu na chuo chake. Wanafunzi wawili wakae na fundi mmoja mwenye uzoefu pamoja na mhandisi mmoja kutoka kitivo cha jirani. Wachague jambo moja tu, kwa mfano sensa ya kamshafti, na waliandikie ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiswahili kilichonyooka. Kisha ukurasa huo usomwe kwa sauti mbele ya wanagenzi. Mahali watakapokwama pafutwe na kuandikwa upya, na mhandisi aukague tena kabla ya kuchapishwa. Jarida hili litenge kurasa kwa ajili ya kazi hizo. Wahadhiri wetu nao wazikubali kuwa kazi halali ya kitaaluma, zenye haki ya kupewa alama sawa na uhakiki wa riwaya.

Kwetu sisi wa fasihi, hili si jambo geni. Tumezoea kudhani kwamba nathari ni hadithi, ilhali miongoni mwa nathari zetu za awali zilizochapishwa kuna maandishi ya maelezo. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake yalitoka mwaka 1903 katika Desturi za Wasuaheli, alikaa akaeleza kwa utaratibu jinsi watu wake walivyoishi. Hatumsomi leo kwa sababu alibuni istilahi. Tunamsoma kwa sababu alieleza, na maelezo yake yanasimama hadi sasa.

Hivyo basi, tusingoje kamati ituletee jina la kila msumari. Majina mengine yameshafika gerejini na yanafanya kazi. Yaliyobaki yatakuja yakihitajiwa. Kinachongoja ni sentensi: kwa nini, lini, ikiwa hivi basi vile. Kiswahili kina viunganishi vyote hivyo tangu jadi. Kilichokosekana ni mkono wa kuviandika, na mkono huo ni wetu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Sisi tulio na nafasi ya kusoma lugha hii tuna wajibu wa kuhakikisha kwamba anayetaka kuuliza ana maneno ya kuulizia.